Dakika ya 63: miezi kumi na tano ya kiungo wa Kifaransa kwenye benchi la Harambee Stars

Kuhusu majina

Uchambuzi wa kisa huficha majina, nami nimejaribu kuufuata utaratibu huo hadi pale unapowezekana. Mhusika mkuu, Mfaransa aliyeinoa timu ya taifa ya Kenya, Harambee Stars, kuanzia Mei 2018 hadi Agosti 2019, nimemwita Kocha tu. Najua yeyote aliyekuwa mbele ya televisheni Juni 2019 atamtambua kabla hajamaliza aya ya pili. Kazi ya timu ya taifa haifichiki kama faili la mgonjwa. Lakini ninachotaka kukitazama ni maamuzi, na jina hunogesha ubishi kuliko linavyosaidia kufikiri. Kwa wachezaji nimejiwekea kanuni yangu: aliyefunga au aliyeokoa namtaja, aliyekosea namtaja kwa nafasi yake uwanjani. Na niseme mapema kwamba mimi ni Mtanzania. Usiku wa Juni 27, Kenya ilipocheza na Tanzania, nilikuwa nashangilia upande wa pili.

Usuli: kiungo asiye na jina kubwa

Ukitaja kiungo wa Kifaransa aliyegeuka kocha, watu huona sura mbili. Ya kwanza ni Didier Deschamps, nahodha aliyenyanyua Kombe la Dunia 1998 na kocha aliyelinyanyua tena 2018. Ya pili ni Zinedine Zidane, aliyeipa Real Madrid Ligi ya Mabingwa mara tatu mfululizo, 2016 hadi 2018. Watu hawa wakiingia chumba cha kubadilishia nguo, wachezaji wananyamaza wenyewe.

Kocha wetu alizaliwa 1972, mwaka mmoja na Zidane, akacheza dimba la kati kama yeye, na ulinganifu wao unaishia hapo. Hakuwahi kuichezea timu ya taifa ya Ufaransa. Alipotundika daluga hakuwa na jina la kuuza, kwa hiyo aliingia kwenye ukocha kwa mlango wa nyuma, ule wa usaidizi. Aliyemshika mkono ni Claude Le Roy, Mfaransa mwenzake na kiungo wa zamani pia, aliyeipa Cameroon Kombe la Mataifa ya Afrika 1988 na ambaye tangu wakati huo amezunguka Afrika na nchi za Ghuba kama mtu mwenye shamba kila wilaya. Hervé Renard, aliyekuja kubeba kombe hilo na Zambia 2012 na Ivory Coast 2015, alitokea benchi hilohilo. Kocha alimfuata Le Roy Oman, Kongo zote mbili, Togo. Kisha 2017 akapewa timu yake mwenyewe, Kongo-Brazzaville.

Miaka ya usaidizi kwa mtu kama Le Roy humfundisha kocha mambo yasiyo kwenye diploma. Anajua klabu ya Ulaya itamkatalia mchezaji hadi dakika ya mwisho. Anajua posho zitagombaniwa usiku wa kuamkia mechi. Anajua kikosi kitakutana Jumatatu, kicheze Ijumaa au Jumamosi, na katikati hapo kuna mazoezi mawili ya maana, mengine ni kunyoosha misuli ya watu waliotoka kwenye ndege. Kocha wa aina hii hajengi falsafa. Anajenga ukuta, anatafuta mtu mmoja mbele mwenye mbio, kisha anaomba mpira uliokufa umwendee vizuri.

Nasema hivi bila kejeli. Ni ufundi kamili, na una mipaka yake. Kisa hiki kinaionyesha mipaka hiyo kuliko kingine chochote ninachokijua katika ukanda wetu.

Kiti alichokikalia

Mei 2018, mwezi uleule Zidane alioiaga Madrid, Kocha alikabidhiwa Harambee Stars. Kenya ilikuwa haijaonekana AFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, tangu 2004. Mtangulizi wake, Mbelgiji, alichukua Kombe la CECAFA, la Afrika Mashariki na Kati, Desemba 2017 pale Machakos kwa kuwatoa Zanzibar kwa matuta kwenye fainali, na kufika Februari alishaondoka. Kwenye kufuzu AFCON 2019 Kenya ilikuwa Kundi F pamoja na Ghana, Ethiopia na Sierra Leone, na mechi ya kwanza ilishapotea huko Freetown, 2–1, Juni 2017. Kwa maneno mengine, Kocha alipewa deni ambalo hakulikopa yeye.

Yaliyotokea, kwa mpangilio

*Mumbai.* Kituo cha mwanzoni kilikuwa mashindano ya mataifa manne nchini India, Juni 2018. Alifika fainali, akafungwa 2–0, mabao yote mawili ya Sunil Chhetri. Magazeti hayakufurahi. Nadhani yeye alikuwa anahesabu vichwa tu: nani anasikiliza, nani anachoka dakika ya 70.

*Kasarani, Septemba 8, 2018.* Ghana walikuja Nairobi na Kenya ikashinda 1–0, bao la kujifunga la beki wa Ghana kabla ya mapumziko. Kipindi cha pili beki mmoja wa Kenya akatolewa kwa kadi nyekundu. Kumi waliobaki walikaa nyuma ya mpira na kuusukuma nje kila ulipoingia, na filimbi ya mwisho ikalia hivyohivyo. Ukitaka kujua Kocha ni nani, itazame nusu saa ile kabla hujasoma lolote alilowahi kusema.

*Ethiopia mara mbili.* Oktoba 10, Bahir Dar, 0–0. Siku nne baadaye, Kasarani, 3–0: Michael Olunga, Eric Johanna, na penalti ya nahodha Victor Wanyama. Mechi mbili ndani ya wiki moja, safari ya ndege katikati, na hakuna bao lililoingia.

*Zawadi ya mezani.* Oktoba hiyohiyo FIFA iliifungia Sierra Leone kwa sababu ya kuingiliwa kwa uongozi wa soka lao, na mwishoni mwa Novemba CAF, shirikisho la soka Afrika, ikaiondoa kabisa kwenye mashindano. Mechi zake zote zikafutwa, na kipigo cha Freetown kikaondoka nazo. Kenya ikabaki na pointi 7 katika mechi tatu, ikafuzu bila kugusa mpira. Machi 2019 ilikwenda Accra kumaliza ratiba, ikafungwa 1–0, na hakuna aliyelala njaa.

*Ufaransa, Juni 2019.* Kambi iliwekwa Marcoussis, kituo cha taifa cha raga kusini mwa Paris. Wanyama alichelewa kidogo kwa sababu njema: Juni 1 alikuwa benchi la Tottenham kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa jijini Madrid. Beki wa kutumainiwa, Brian Mandela, aliumia goti kambini na safari yake ikaishia hapo. Nafasi ikamwendea Joseph Okumu, kijana aliyekuwa akicheza daraja la pili Marekani na ambaye Wakenya wengi walikuwa hawajamwona. Kwenye kirafiki Kenya iliifunga Madagascar 1–0, kisha ikatoka 1–1 na Kongo ya Kinshasa.

*Cairo.* Kundi C: Algeria, Tanzania, Senegal. Juni 23 Algeria walimaliza kazi kipindi cha kwanza, 2–0, penalti ya Baghdad Bounedjah na bao la Riyad Mahrez.

Juni 27 ndiyo ile. Taifa Stars, timu ya taifa ya Tanzania, walikuwa AFCON kwa mara ya kwanza tangu 1980, na dakika ya 6 tu Simon Msuva alishaweka mpira wavuni. Dakika ya 39 Olunga, akiwa amelipa goli mgongo, akabinuka na kuupiga kwa tiktaka: 1–1. Nilikuwa sijakaa vizuri nikasikia kelele tena. Dakika moja imepita, Mbwana Samatta amepiga mpira wa chini, 2–1. Mapumziko watu wetu walikuwa wanapigiana simu. Dakika ya 62 Johanna Omolo akasawazisha kwa kichwa, na dakika ya 80 Olunga akapokea nje kidogo ya boksi, akaukunja chini. 3–2. Simu zikazimwa.

Julai 1, Senegal. Kipindi cha kwanza Sadio Mané alipiga penalti, kipa Patrick Matasi akaipangua. 0–0 mapumziko, 0–0 dakika ya 50, 0–0 saa nzima. Dakika ya 63 Ismaïla Sarr akafunga. Dakika ya 71 Mané. Kisha beki wa kulia akaonyeshwa kadi ya pili ya njano kwa rafu ndani ya boksi, na dakika ya 78 Mané akaipiga penalti ya pili, hii haikupanguliwa. 3–0, na safari imeisha.

*Matuta.* Wiki nne baadaye, Julai 28, zamu ya CHAN, mashindano ya wachezaji wa ligi za ndani pekee. Dar es Salaam, Tanzania 0, Kenya 0. Agosti 4, Kasarani, 0–0 tena. Wakapigiana penalti, na Taifa Stars, golini Juma Kaseja, wakashinda 4–1. Siku chache baadaye shirikisho likatangaza kwamba limeachana na Kocha kwa makubaliano ya pande zote mbili. Francis Kimanzi akachukua timu.

Maamuzi, na kwa nini

La kwanza lilikuwa kuanza na ulinzi. Halihitaji maelezo marefu. Mwenye siku nne za mazoezi anafundisha kinachofundishika kwa siku nne, na kukaba kwa mstari kunafundishika. Kushambulia kwa mpangilio kunataka miezi.

La pili ndilo lililomletea maneno: kumwacha Jesse Were. Were alikuwa anafunga atakavyo Zambia akiwa na Zesco United, na kikosi cha Cairo kilipotangazwa Wakenya walilitafuta jina lake na kulikosa. Kwenda Cairo, Kocha alichukua Olunga, Masoud Juma, na John Avire wa Sofapaka. Barabarani jambo hili lilisomwa kuwa chuki. Mimi naliona hivi. Timu inayocheza na mshambuliaji mmoja, ikikaa nyuma na kupiga mpira mrefu, inamtaka mtu wa kuukimbilia mpira peke yake mita arobaini huku mabeki wawili wakimvuta jezi. Were ni mtu wa ndani ya boksi, hula kilichopikwa. Kwenye mfumo ule hakukuwa na jikoni. Kumchukua kungekuwa kuwanyamazisha mashabiki, si kuibadilisha timu.

Hata hivyo hoja hiyo inamrudia mwenyewe Kocha. Kama mfumo wako hauna nafasi ya mfungaji hodari kuliko wote unaowamiliki, pengine tatizo liko kwenye mfumo. Alikuwa na majuma matatu Marcoussis, si siku nne. Wakati wa kutengeneza namna ya pili ya kucheza, ile ya kutumika ukiwa nyuma kwa bao moja na dakika ishirini zimebaki, ulikuwepo. Sikuiona ikitumika, si dhidi ya Algeria wala dhidi ya Senegal baada ya bao la Sarr.

La tatu: kambi ya Ulaya. Kwa timu ambayo wachezaji wake wametawanyika Sweden, Ubelgiji, Japani na kwingineko, kukutana karibu na Paris ni rahisi kuliko kuwavuta wote Nairobi, na mtu anayejua Ufaransa anajua simu ya kupiga. Okumu alitengenezwa katika majuma yale, na baada ya mashindano akahamia Elfsborg ya Sweden. Lakini kambi ileile ilikuwa mbali na ligi ya nyumbani, na wale wa nyumbani ndio aliokuja kuwahitaji wiki nne baadaye.

Matokeo kwa namba

Ukiziondoa mechi za kirafiki, Kocha alisimama kwenye mechi 9 zinazohesabika: nne za kufuzu AFCON, tatu za Cairo, mbili za CHAN. Alishinda 3, akatoka sare 3, akafungwa 3. Mabao ya kufunga 7, ya kufungwa 8. Sijawahi kuona mizani iliyosimama katikati namna hiyo.

Ukiyafungua yale mabao 7 utaona kitu. Matatu ni ya Olunga. Moja ni la kujifunga la Mghana. Moja ni penalti. Yaliyobaki ni mawili: la Eric Johanna dhidi ya Ethiopia na kichwa cha Johanna Omolo, mchezaji mwingine, dhidi ya Tanzania. Na yale 8 yaliyoingia, saba yaliingia Cairo ndani ya siku tisa. Kwenye mechi sita nyingine liliingia moja tu, lile la Accra ambalo halikuwa na kazi.

Uchambuzi

Kwanza tumtoe lawama isiyo yake. Timu mbili zilizomfunga Cairo ndizo zilizocheza fainali: Algeria bingwa, Senegal wa pili. Kenya ilikuwa AFCON kwa mara ya sita katika historia na haijawahi kuvuka makundi hata mara moja, chini ya kocha yeyote. Madagascar aliyoifunga kwenye kirafiki ilifika robo fainali. Anayesema timu haikuwa na kiwango hajazitazama mechi.

Pale ambapo mambo yaliharibika, nadhani watu wanapatafuta kwenye mechi isiyo sahihi. Wanaitaja Senegal. Mimi naitaja Tanzania, mechi ambayo Kenya ilishinda.

Fuata hesabu. Mwaka ule timu zilikuwa 24, makundi sita, na wa tatu wanne bora walipita kwenda 16 bora. Kenya iliingia mechi ya Senegal na pointi 3, mabao 3 ya kufunga na 4 ya kufungwa, yaani pungufu ya moja. Kongo ya Kinshasa ilishamaliza na pointi 3 na tofauti ya sifuri, kwa sababu siku ya mwisho iliipiga Zimbabwe 4–0. Jioni hiyohiyo ya Julai 1, saa chache kabla, Afrika Kusini ilikuwa imefungwa na Morocco 1–0 na kubaki na pointi 3, pungufu ya bao moja. Sare na Senegal ingeipa Kenya pointi 4 na tiketi mkononi. Hadi dakika ya 63, kwa hiyo, Kenya ilikuwa 16 bora.

Baada ya bao la Sarr kila kitu kilirudi kwenye tofauti ya mabao. Kufungwa 1–0 kungeiacha Kenya na pungufu ya mawili, nyuma ya Afrika Kusini kwa bao moja. Sasa fikiria Tanzania ingekuwa imefungwa kwa tofauti ya mawili badala ya moja. Kufungwa 1–0 na Senegal kungeipitisha Kenya, maana Afrika Kusini ilikuwa na bao moja tu la kufunga katika hatua ya makundi. Na kocha anayejua kwamba kipigo cha bao moja kinaweza kumtosha hafungui timu dakika ya 64. Anarudi nyuma, anakaba, anafanya kile anachokijua kuliko wote. Kilichofuata ni kwamba timu iliyojengwa kutofunguka ililazimika kufunguka, na ikala mawili zaidi ndani ya robo saa.

Afrika Kusini, na pointi zake 3, ilipita, ikawatoa wenyeji Misri hapohapo Cairo.

Bao lililoigharimu Kenya, kwa hiyo, ni lile la Samatta dakika ya 40. Kenya imetoka kusawazisha, wachezaji bado wanakumbatiana kichwani, na safu ambayo haikufungwa hata bao moja na Waethiopia mara mbili mfululizo inapasuka ndani ya sekunde sitini. Hili ni kosa la umakini, na umakini ndiyo bidhaa pekee aliyokuwa anaiuza Kocha. Makocha wanaofundisha vijana huniuliza dakika hatari ni ipi. Mimi huwaonyesha hiyo.

Na baada ya 3–2 zilibaki dakika kumi. Tanzania ilikuwa imevunjika moyo. Nilikuwepo, kwa maana ya kiti cha sebuleni. Kenya ikarudi kulinda. Kwa kocha yeyote wa shule ile ni jambo la kawaida, pointi tatu ni pointi tatu. Lakini kwenye mashindano ambayo wa tatu anapita kwa tofauti ya mabao, bao la nne lilikuwa na thamani ya mchezaji mzima. Simlaumu kwa kutoliona jioni ile, namlaumu kwa kutokuwa na timu ya kulitafuta hata kama angeliona.

Tuje CHAN, iliyokata mti. Watu wengi hupita haraka hapa kwa sababu ni mashindano ya pili. Lakini angalia kilichotokea: dakika 180, hakuna bao lililoingia, hakuna bao lililofungwa. Ukuta ulifanya kazi hata ukijengwa na watu wengine. Kilichokosekana ni Olunga, na Olunga hakuwa na mbadala wa nyumbani kwa sababu mbadala huyo hakuwa ametafutwa. Tena Julai ileile Francis Kahata, kiungo mbunifu wa Gor Mahia aliyekuwa Cairo na timu, alisajiliwa na Simba, na anayecheza ligi ya nje haruhusiwi CHAN. Kenya ilikuja kucheza na Tanzania huku mpishi wake amehamia Dar es Salaam. Waliokuwa wanapiga kelele za Were walinyamaza kidogo hapo, maana yeye naye, akiwa Zambia, hakuruhusiwa.

Hapa ndipo nionapo kosa la pande zote mbili. Shirikisho liliajiri mtaalamu wa kukusanya watu waliotawanyika, akafanya kazi hiyo na kuifikisha timu mahali ambapo haikuwa imefika kwa miaka kumi na tano. Kisha likampima kwa mashindano yasiyohitaji ujuzi huo hata kidogo, mashindano yanayomtaka mtu aliyekaa viwanjani Jumapili akitazama ligi. Naye Kocha aliukubali mkataba unaohusu timu zote mbili na kuishi kama unahusu moja. Nani alipaswa kusema? Kwa maoni yangu ni yeye. Msaidizi wa benchi la ndani, Mkenya, mwenye mamlaka kamili ya kikosi cha CHAN tangu mwaka wa kwanza, ni jambo ambalo kocha mgeni analiomba wiki ya kwanza au halipati tena.

Yaliyofuata

Alipita Guinea ya Ikweta. Mwaka 2022 akarudi kwenye kiti cha usaidizi, safari hii chini ya Rigobert Song, Cameroon, na alikuwa benchi Qatar siku walipoifunga Brazil 1–0. Mwaka 2024 akapewa Haiti.

Tazama alichopewa. Nchi ambayo timu yake ya taifa haiwezi kucheza nyumbani kwa sababu ya magenge yenye silaha. Wachezaji waliotawanyika Ulaya na Amerika, wengine wamezaliwa hukohuko. Mechi za "nyumbani" zinachezwa Curaçao, kisiwa kingine kabisa. Kocha mwenyewe, hadi siku ya kufuzu, hakuwa amewahi kukanyaga Haiti. Hakuna anayeweza kumlaumu kwa kutotazama ligi ya ndani. Kwa mtu wa ufundi wake, kazi ni ileile ya Marcoussis, ila safari hii kambi ndiyo nyumbani na hakuna CHAN ya kumsubiri mlangoni.

Novemba 18, 2025 Haiti iliifunga Nicaragua 2–0, na usiku huohuo Honduras na Costa Rica wakatoka 0–0. Haiti ikaongoza kundi na pointi 11 na kufuzu Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza tangu 1974. Safari haikuwa laini: walifungwa 3–0 na Honduras, na San José, kwa Costa Rica, walihitaji mabao matatu ya Duckens Nazon kupata sare ya 3–3. Ugenini walifungwa mabao sita katika mechi tatu. Lakini Curaçao, mechi tatu za kundi hilo zilikuwa 0–0, 1–0 na 2–0.

Nilipoziona namba hizo nikarudi kwenye daftari la Kenya. Kasarani, mechi za mashindano chini ya Kocha zilikuwa tatu pia, 1–0 na Ghana, 3–0 na Ethiopia, 0–0 na Tanzania. Pale nako hakufungwa hata bao moja. Ile 0–0 ya Curaçao ilikuwa mechi ya kwanza ya kundi lake, na ile ya Kasarani ikawa ya mwisho.